Vigumba vya Mishale kwa Bata Mzinga wa Mwituni: Kipi Kinunuliwe, Kipi Kiachwe

Wenzangu wachache wa hapa Dar es Salaam wanaopenda upinde, na ambao wana ndugu wanaoishi Marekani, wameniuliza zaidi ya mara moja ni kigumba gani cha mshale, yaani ile ncha inayofungwa mbele ya uti, wanunue kabla ya kwenda kuwinda bata mzinga katika majira ya machipuo ya huko, yaani kuanzia Machi hadi Mei kulingana na jimbo. Swali ni la msingi, kwa sababu katalogi za wauzaji zimejaa sifa na kila kigumba kinasemwa kuwa hakikosei. Nimevitumia vigumba vya aina zote ninazozieleza hapa kwenye shabaha nyumbani Goba, na aina mbili kati ya hizo nimewinda nazo nikiwa na shemeji yangu huko Texas. Maoni yangu ni kwamba anayelenga mwili wa ndege kwa upinde wenye nguvu ya kutosha achukue kigumba cha kufunguka chenye mkato mpana. Mwenye upinde mwepesi achukue kigumba kisichofunguka chenye makali ya kweli. Cha kukata shingo akichukue mwenye subira tu. Na kigumba butu kisinunuliwe na yeyote kwa kazi hii.

Kabla ya kuvipima vigumba ni lazima tumfahamu ndege mwenyewe, kwa kuwa sisi wa huku tukisikia ndege wa mwituni wa kuwindwa kwa mshale tunamfikiria kanga au kwale. Kanga hazidi kilo moja na nusu hivi, ilhali dume la bata mzinga aliyekomaa ana kilo 7 hadi 11, amefunikwa na manyoya mazito yanayopishana, mifupa ya mabawa yake ni migumu, na akishtuka anaweza kukimbia kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa kabla hata hajaamua kuruka. Macho yake ni makali kuliko ya mnyama yeyote niliyewahi kumvizia. Hata hivyo, sehemu ambayo mshale ukiipata atakufa papo hapo ni ndogo sana. Moyo na mapafu kwa pamoja havizidi ukubwa wa chungwa, na viko juu zaidi kuliko mtu anavyodhani.

Jambo hili nililielewa vizuri kwa kufungua bata mzinga wa kufugwa. Bata mzinga tunaowanunua kwa wafugaji wa Kibaha na Chanika ni wa spishi moja na wale wa mwituni, kwa maana wenyeji wa Meksiko ndio waliowafuga kwanza kabla hawajaenea ulimwenguni, hivyo viungo vyao vya ndani vimepangwa kwa namna ileile. Baada ya dume kuchinjwa kwa ajili ya walima, yaani karamu ya ndoa, ya mpwa wangu, niliomba nipewe kabla hajanyonyolewa, nikachomeka njiti ya mshikaki pembeni mwa mwili mahali ambapo jicho linavutiwa kulenga, katikati kabisa ya umbo lake. Alipofunguliwa, njiti ilikuwa imepita nyuma ya moyo na kuingia kwenye firigisi na utumbo. Mapafu yalikuwa yameshikana na mbavu chini ya mgongo, na moyo ulikuwa mbele, umefunikwa na bega la bawa. Ndege aliyepigwa pale ilipopita njiti ataondoka na mshale wako, na huenda asipatikane kabisa.

Kwa hiyo mwindaji hulenga kulingana na ndege alivyosimama. Akiwa ubavu, shabaha ni pale bega la bawa linapoungana na mwili, si chini yake, kwani chini kuna kidari ambacho ni nyama tupu. Akikupa mgongo huku ametandaza mkia, unalenga shina la mkia, na mshale husafiri kuelekea mbele hadi kwenye moyo. Akikuelekea, unalenga juu kidogo ya mahali zinapochomoza ndevu zake, yale manyoya magumu kama brashi yanayoning'inia kifuani. Kosa la sentimita 5 kwa upande wowote linatosha kuharibu kila kitu, na hapo ndipo upana wa kigumba unapoanza kuwa na maana.

Nianze na vigumba visivyofunguka, yaani vile ambavyo nyembe zake 2, 3 au 4 zimekazwa moja kwa moja kwenye kiini chake. Vingi vina upana wa mkato wa inchi 1 hadi inchi 1 na robo, sawa na sentimita 2.5 hadi 3.2. Sifa yake kubwa ni kwamba hakina kitu cha kuharibika. Hakitegemei mpira, kipete wala springi, na nguvu yote ya mshale inatumika kupenya. Mwenye upinde wa jadi usio na kapi, yaani magurudumu madogo ya kupitishia kamba, au upinde wa kapi wenye uzito wa kuvuta wa ratili 40, yaani kilo 18 hivi, asihangaike na aina nyingine, kwa sababu nguvu aliyo nayo haina ziada ya kugawana na mitambo. Kasoro yake ni mbili. Kwanza, nyembe zilizo wazi hushika upepo, na kama upinde haujarekebishwa vizuri mshale utakwenda pembeni ya pale unapokwenda ukiwa na ncha ya mazoezi. Pili, tundu lake ni jembamba, na kwa ndege ambaye sehemu ya kufisha ni ndogo hivi, wembamba huo haukusamehe kosa lolote.

Vigumba vya kufunguka ndivyo vinavyouzwa zaidi kwa kazi hii, na baada ya kuvitumia naona sababu. Nyembe zake hujikunja ndani ya kiini wakati mshale ukiwa angani, kwa hiyo mshale huruka karibu sawa na ulivyozoea mazoezini, kisha nyembe hufunguka zinapogusa mwili na kuacha mkato wa inchi 1 na nusu hadi 2 na zaidi. Mkato wa inchi 2, takriban sentimita 5, unavunja mfupa wa bawa pamoja na kukata mapafu, na ndege aliyevunjika bawa hawezi kuruka akatua ng'ambo ya mto au ndani ya shamba la mtu mwingine. Nilichokiona Texas ni hicho. Dume alipigwa akiwa ubavu kwa umbali wa hatua zisizozidi ishirini kutoka kwenye kibanda chetu cha kujifichia, mshale ukaingia juu kidogo ya nilipokusudia, lakini upana wa nyembe ulifika kwenye pafu na kuvunja bega la bawa la upande wa pili, akaanguka palepale mbele ya bata mzinga wa bandia tuliyemweka kumvutia.

Hata hivyo vigumba hivi havifanani, na mnunuzi asikubali kuuziwa jina tu. Kuna vile ambavyo nyembe zake hulala zikielekea mbele na hufunguka kwa kupinduka kurudi nyuma. Hivi vikigonga mwili kwa mshazari vinaweza kuuteleza badala ya kuingia. Kuna vingine ambavyo nyembe huanzia nyuma ya kiini na kusukumwa nje pembeni mara tu ncha inapozama, na hivi navipendelea kwa sababu ncha huwa imeshashika kabla nyembe hazijafanya kazi. Vyote, vya mbele na vya nyuma, hula nguvu ya mshale katika kufunguka na katika kukata tundu pana. Kwa uzoefu wangu, upinde wa kapi wa ratili 50, takriban kilo 23, unatosha kwa mkato wa inchi 2. Chini ya hapo ni heri upunguze upana, au urudi kwenye kigumba kisichofunguka bila kuona haya.

Kuna jambo linalohusu hali ya hewa yetu ambalo wauzaji wa Marekani hawalitaji, nalo ni kile kipete cha plastiki au kimpira kinachozizuia nyembe zisifunguke mapema. Niliacha pakiti ya vigumba vya kampuni moja ambayo sitaitaja kwenye droo ya stoo yangu, pasipo feni wala kiyoyozi, kuanzia joto la Desemba hadi mvua za masika. Nilipovitoa, vimpira vilikuwa vimekakamaa na viwili vilikatika nilipovigusa, na kwenye shabaha ya maboksi ya katoni niliyoyafunga pamoja kigumba kimoja kilifika nyembe zikiwa zimeshafunguka, mshale ukaangukia chini kabisa ya alama. Anayeishi Dar es Salaam anunue vigumba hivi karibu na safari, aviweke kwenye kopo linalofungwa vizuri, na achukue vipete vya akiba, kwa kuwa ni vya bei ndogo na ndivyo vinavyobeba kazi nzima.

Ipo hoja kati ya wawindaji kuhusu kama mshale upite moja kwa moja hadi upande wa pili au ubaki ndani ya ndege. Shemeji anapenda ubaki, na wapo wanaofunga kizuizi kidogo nyuma ya kigumba ili usipite, kwa hoja kwamba ndege mwenye mshale mwilini hawezi kukunjua mabawa akaruka. Mimi napendelea upite. Manyoya ya bata mzinga hunyonya damu kiasi kwamba njia ya damu mara nyingi haionekani, na matundu mawili ni bora kuliko moja. Tena mshale uliopita na kubaki chini utauokota na kuukagua, na kutokana na kilichobaki juu ya uti wake, damu ya mapafu yenye povu au uchafu wa utumbo, utajua kama umfuate sasa au usubiri kwanza.

Aina ya tatu ndiyo inayovutia macho dukani. Vigumba vya kukata shingo vina nyembe ndefu zilizonyooka nje kama mikono, na vimetengenezwa kwa ajili ya kichwa na shingo peke yake. Magnus Bullhead, kinachojulikana zaidi, kina nyembe 3 na hupatikana kwa ukubwa wa aina mbili: cha greni 100 (greni ni kipimo cha uzito, na 100 ni gramu 6.5 hivi) chenye upana wa inchi 2 na robo tatu, na cha greni 125 chenye upana wa inchi 3 na robo tatu, ambao ni zaidi ya sentimita 9. Hoja yake inaeleweka, kwani ukipata shingo ndege amekufa hapohapo na nyama yote ya kidari imesalimika, na ukikosa umekosa kabisa, ndege anakwenda zake bila jeraha. Hoja hiyo ya mwisho naiheshimu sana, kwa sababu hakuna kitu kinachoniuma katika uwindaji kama mnyama aliyekwenda na jeraha.

Lakini kigumba hicho kinadai mambo mengi. Uti wa mshale ni lazima uwe mrefu vya kutosha ili upinde ukiwa umevutwa hadi mwisho, nyembe zibaki mbele ya kishikio cha upinde na mbele ya vidole vyako, na asiyelizingatia hili atajikata vibaya. Manyoya ya mshale yawe makubwa, kwani nyembe pana zinaushika upepo na kuuyumbisha mshale. Umbali uwe mfupi. Mimi sizidishi mita 15. Na shingo ya bata mzinga haitulii, inapigapiga mbele na nyuma kila anapotembea, hivyo mwindaji husubiri dakika hiyo moja anaposimama na kunyoosha shingo kutazama bata wa bandia. Mwenye kibanda cha kujifichia na subira atafurahi nacho. Anayewinda kwa kutembea na kuvizia asikinunue.

Nimebakiza kigumba butu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kwa wengi wetu kinagusa zaidi ya shabaha. Vigumba butu vya mpira au chuma, na vile vyenye vikucha vya springi pembeni, vimekusudiwa sungura, kindi na ndege wadogo, na huua kwa kishindo badala ya kukata. Ni vya bei nafuu, havipotei kirahisi majanini, na muuzaji anaweza kukwambia kwamba vitamzimisha bata mzinga ukimpiga kichwa. Kwa dume la kilo 9 kishindo hicho mara nyingi humtia kizunguzungu tu, na ndege aliyezinduka huruka akaenda kufa mbali.

Kwa sisi Waislamu jambo lina uzito wa ziada. Katika Al-Maida, aya ya 3, mnyama aliyekufa kwa kupigwa ametajwa miongoni mwa walioharamishwa. Na Adiy bin Hatim alipomuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu kuwinda kwa chombo cha kurusha, jibu lilikuwa kwamba aliyepatwa kwa ncha yenye makali aliwe, na aliyepatwa kwa ubapa akafa asiliwe, kwa kuwa huyo ni wa kupigwa. Kigumba kinachoua kwa kishindo kinaangukia upande wa pili moja kwa moja, labda umkute ndege yungali hai umchinje. Ndiyo maana namwambia kila kijana anayeniuliza ataje jina la Mwenyezi Mungu anapoachia mshale, atumie kigumba kinachopenya na kukata, na awe na kisu kikali kiunoni ili akimkuta ndege bado ana uhai amchinje bila kuchelewa. Na ndege aliyepigwa akaangukia majini akafa humo tusimle, kwani haijulikani kilichomuua ni mshale au maji. Kwa hiyo hata mahali pa kuweka kibanda pafikiriwe, pasiwe ukingoni mwa bwawa.

Isidhaniwe kwamba kuchagua kigumba kulingana na windo ni jambo la wageni. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanabeba mishale ya aina tofauti kwa kazi tofauti: ya mti mtupu uliochongwa ncha kwa ajili ya ndege na wanyama wadogo, na yenye vigumba vya chuma, mingine ikiwa na sumu ya mimea, kwa ajili ya wanyama wakubwa. Vyuma hivyo hupatikana kwa kubadilishana na wahunzi wa Kidatoga. Ncha yao ya mti inatoboa, haipigi kishindo, na kwa ndege wa ukubwa wa kanga inatosheleza. Kwa ndege wa kilo 9 mwenye manyoya kama yale, uwiano unabadilika, na chuma chenye makali hakikwepeki.

Kuhusu uzito, vigumba vingi ni vya greni 100 au greni 125, ambazo ni gramu 6.5 na gramu 8.1. Chagua uzito uleule wa ncha unazofanyia mazoezi, usije ukabadilisha mwendo wa mshale wiki ya mwisho. Vingi vyenye uzi wa skrubu wa kukazia huingia kwenye mishale mingi ya kisasa bila tatizo, lakini hakikisha kabla ya kulipa. Kisha upige kigumba chenyewe kwenye shabaha, si ncha ya mazoezi peke yake, kwa umbali uleule utakaowindia. Pakiti nyingi zina vigumba 3 na bei yake mara nyingi ni kati ya dola 30 na 50, kwa hiyo kimoja nakitenga kwa mazoezi na viwili navihifadhi na nyembe mpya. Wembe uliokwisha kupita kwenye maboksi hauna makali ya kuwindia tena, hata kama kwa macho unaonekana mpya. Ujaribu kwenye unyoya, na kama unauvuta bila kuukata, ubadilishe.

Hapa Dar es Salaam sijakutana na duka linalouza vigumba vya namna hii, na sioni faida ya kuviagiza mapema vikae stoo. Ni rahisi zaidi kumtumia ndugu aliyeko huko orodha, akununulie kulingana na sheria ya jimbo lake, kwa kuwa baadhi ya majimbo yanataka kigumba kiwe na upana usiopungua sehemu 7 kati ya 8 za inchi moja, takriban sentimita 2.2, na kanuni za vile vya kufunguka hazifanani kila mahali. Leseni na mafunzo ya uwindaji yaulizwe kwa mamlaka ya jimbo hilohilo. Asiwepo atakayefikiria kuvijaribu kwanza kwa kanga wa porini huku nyumbani, kwani Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inadai kibali, na kanga si shabaha ya mazoezi.

Ukirudi na vigumba, viweke kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege, kamwe si la mkononi, nyembe zikiwa ndani ya kisanduku kigumu ili mkaguzi atakayefungua begi asijikate. Ukifika nyumbani vitoe siku hiyohiyo, vifute, uvipake mafuta mepesi ya cherehani na kuvifunga kwenye kopo pamoja na kile kipakiti kinachonyonya unyevu ambacho hukaa kwenye maboksi ya viatu. Upepo wa chumvi unafika hata Goba, na kutu ikishaanza kwenye ukingo wa wembe, jiwe la kunolea halitaurudishia makali uliyoyanunua.